Kutuzwa na Kutunzwa: Misimu ya Union Saint-Gilloise, Nyumbani na Ugenini Laeken

Wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanaujua Uwanja wa Mfalme Baudouin hata kama hawajawahi kukanyaga Ubelgiji. Uko Laeken, kaskazini ya Brussels, karibu na matufe tisa ya chuma ya Atomium, na kila kiangazi kinapokaribia kwisha hufanyika hapo mashindano ya Memorial Van Damme. Hapo ndipo Paul Tergat wa Kenya alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 tarehe 22 Agosti 1997, kwa dakika 26 na sekunde 27.85. Hapo pia Saif Saaeed Shaheen, aliyezaliwa Kenya kwa jina la Stephen Cherono na wakati huo akiiwakilisha Qatar, aliweka rekodi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2004. Usiku wa aina hiyo uwanja hufurika.

Kati ya mwaka 2016 na 2018 uwanja huohuo ulikuwa na mpangaji wa namna nyingine kabisa. Klabu ya soka ya Royale Union Saint-Gilloise, iliyokuwa katika daraja la pili, ilicheza hapo mechi zake za nyumbani kwa misimu miwili kwa sababu kiwanja chake, kilichoko kusini ya mji, kilihitaji ukarabati. Viti takriban 50,000 viliwangojea watu ambao wangetosha pembe moja tu ya jukwaa. Kati yao na wachezaji palikuwa na njia za wakimbiaji, upana wa kutosha kuzimeza nyimbo zao kabla hazijafika dimbani.

Mtu akiisoma orodha ya misimu ya klabu hiyo, miaka hiyo miwili ni mistari isiyovuta jicho: hapana kombe, hapana kupanda, hapana kushuka. Hata hivyo historia ya Union haieleweki bila mistari ya aina hiyo, na mistari hiyo ni mingi kuliko ile ya makombe.

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Wengine husema hutunzwa, na ubishi kuhusu umbo lililo sahihi haujaisha barazani. Kutuzwa ni kupewa tuzo mbele ya watu. Kutunzwa, kwa maana ya kila siku, ni kuangaliwa usiharibike. Katika ngoma maneno hayo mawili hukutana, kwa kuwa anayemtuza mchezaji mbele ya hadhara ndiye pia anayemlea kesho yake. Katika maisha ya klabu ya mpira yanaweza kuachana kwa muda mrefu. Union ilitunzwa miaka 48 bila kutuzwa, na swali linaloletwa na historia yake ni kama ingeweza kutuzwa tena endapo hakuna ambaye angeendelea kuitunza.

Miaka ya mavuno

Klabu ilianzishwa mwaka 1897 katika manispaa ya Saint-Gilles, na mataji yake ya mwanzo yalikuja kwa wingi wa ajabu. Ilikuwa bingwa wa Ubelgiji mwaka 1904, 1905, 1906, 1907, 1909, 1910 na 1913, yaani mara saba katika misimu kumi. Ilitwaa pia Kombe la Ubelgiji mwaka 1913 na 1914. Vita Kuu ya Kwanza vilikatiza mtiririko huo. Mwaka 1919 klabu ilihamia katika kiwanja kipya kilichopakana na miti ya Bustani ya Duden, na kwa kufanya hivyo ikavuka mpaka: bustani hiyo iko katika manispaa jirani ya Forest. Kwa hiyo Union ilikuwa tayari inacheza kwa jirani hata kabla ya kufika Laeken, ingawa ujirani huo ni wa hatua chache tu na hakuna shabiki anayeuhesabu kuwa ni ugeni. Mwaka 1926 jukwaa kuu lilijengewa uso wa mapambo, wenye michoro ya wanamichezo iliyochongwa ukutani, na baadaye kiwanja kikapewa jina la Joseph Marien, aliyekuwa rais wa klabu.

Taji la nane lilipatikana mwaka 1923. Kisha yakaja matatu mfululizo: 1933, 1934 na 1935. Katika kipindi hicho, chini ya nahodha Jules Pappaert, Union ilicheza mechi 60 za ligi bila kufungwa, kuanzia mapema mwaka 1933 hadi Februari 1935. Kikosi hicho huitwa hadi leo Union 60. Klabu ya Ubelgiji inayokaa muda mrefu zaidi bila kupoteza mechi hupewa kombe lenye jina la Pappaert, na katika nchi hiyo rekodi ya mechi 60 haijavunjwa.

Waliouvunja mwendo huo walikuwa Daring, klabu ya Molenbeek, watani wa jadi wa Union. Msomaji aliyelelewa na habari za Simba na Yanga hahitaji kuelezwa zaidi. Mji wa Brussels una neno lake mwenyewe la mzaha wa kuchokozana, zwanze, na pambano la timu hizo mbili limerithi neno hilo. Mwaka 1938 Joris d'Hanswyck na Paul Van Stalle waliandika tamthilia ya vichekesho, Bossemans et Coppenolle, kuhusu familia mbili zinazogawanyika kati ya Union na Daring. Tamthilia hiyo imerejewa jukwaani mara nyingi, na imewapa Union uhai wa pili nje ya uwanja: kuna watu wa Brussels walioijua timu hii ukumbini kabla hawajaiona ikicheza.

Ili kuuona urefu wa ukame uliofuata, inafaa kuupima kwa saa ya kwetu. Union ilipotwaa ubingwa wake wa 11, mwaka 1935, ndio mwaka ambao Yanga ilianzishwa Dar es Salaam. Simba ilifuata mwaka 1936. Maisha yote ya klabu hizo mbili, tangu zama za ukoloni wa Mwingereza hadi leo, karibu yanaingia yote ndani ya muda ambao Union iliusubiri ubingwa wa 12.

Mgeni aliyevaa manjano na buluu

Baada ya Vita Kuu ya Pili Union haikuwa tena kinara, lakini haikuwa imekufa. Katika mashindano ya Kombe la Maonyesho ya Miji yaliyomalizika mwaka 1960 iliitoa Roma na kufika nusu fainali, ambapo ilifungwa na Birmingham City.

Katika miaka hiyohiyo historia ya klabu ilikutana na historia ya Afrika. Mwaka 1958 uwanda wa Heysel, pale Laeken, ulikuwa mahali pa Maonyesho ya Dunia, na serikali ya Ubelgiji ikajenga hapo kijiji cha Wakongo. Watu waliletwa kutoka Kongo wakae ndani ya uzio na kufanya kazi zao za mikono mbele ya macho ya wageni. Baadhi ya watazamaji waliwafanyia kejeli na kuwatupia vitu vya kula, na Wakongo hao wakarudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Miaka miwili baadaye Kongo ilipata uhuru wake, tarehe 30 Juni 1960.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 beki wa Kikongo Julien Kialunda alikuwa akiivaa jezi ya manjano na buluu ya Union. Mwaka 1965 alihamia Anderlecht, klabu kubwa kuliko zote mjini, akatwaa huko mataji ambayo Union haikuwa tena na uwezo wa kuyawania. Katika mji huohuo ambao juzi tu ulikuwa umewaweka watu wa kwao nyuma ya uzio, Mkongo alishangiliwa kwa jina lake na watu waliolipa kiingilio. Haifai kulifanya jambo hilo kuwa kubwa kuliko lilivyokuwa, kwa sababu shangwe ya uwanjani haifuti dharau ya mitaani. Lakini haifai pia kuliacha nje ya orodha. Katika msimamo wa ligi, misimu ya Kialunda huko Forest ni ya timu iliyokuwa ikididimia. Katika historia ya Waafrika wa Brussels, ni miongoni mwa kurasa za mwanzo.

1973

Mwaka 1973 Union ilishuka kutoka daraja la kwanza. Ilikuwa imewahi kushuka na kupanda tena, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba safari hii kutapita karibu nusu karne. Mwaka huohuo watani wao Daring waliungana na Racing White, ambayo nayo ilikuwa zao la muungano wa mwaka 1963 wa Racing Club de Bruxelles na White Star. Klabu mpya iliitwa Racing White Daring Molenbeek, kwa kifupi RWDM.

Hapa panahitajika maelezo ya desturi moja ya Ubelgiji. Kila klabu huandikishwa katika shirikisho kwa namba ambayo hubaki yake maisha yake yote. Klabu ikifa, namba yake hufa nayo. Klabu zikiungana, namba moja hubaki na nyingine huzikwa. Daring ilikuwa na namba 2, na muungano wa 1973 uliizika. Union ina namba 10 na haijaipoteza. RWDM ilikuwa bingwa wa Ubelgiji mwaka 1975, miaka miwili tu baada ya muungano, na wakati huo watu wenye busara wangeweza kusema kwamba Daring walichagua vyema na Union walikosea. Mwaka 2002 RWDM ilifilisika. Waliokuja kulifufua jina hilo baadaye ilibidi walitundike juu ya namba ya klabu nyingine.

Union haikuungana na mtu. Gharama yake ilikuwa kuzama peke yake. Katika miaka ya 1980 ilifika hadi daraja la nne, na katika miongo iliyofuata ilipanda na kushuka kati ya la tatu na la pili. Hii ndiyo sehemu ya orodha ambayo msomaji huiruka: nafasi ya kumi, nafasi ya saba, kushuka, kupanda, nafasi ya kumi na mbili. Wachezaji walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha, na wapinzani walitoka katika miji midogo ambayo jina lake haliendi mbali. Jukwaa lenye michoro ya mwaka 1926 likawa zuri kupita kiasi kwa mechi zilizochezwa mbele yake. Hata hivyo kila Jumapili mtu alifungua lango, mtu alichora mistari ya chokaa, na mtu alikata tikiti. Hakuna takwimu inayowahesabu watu hao, lakini bila wao namba 10 ingalikuwa imezikwa kama namba 2.

Misimu miwili ya Laeken

Msimu wa 2015–16 Union ilikuwa imerudi daraja la pili, na ulikuwa msimu wa hatari. Shirikisho lilikuwa limeamua kulipunguza daraja hilo hadi klabu nane tu kuanzia mwaka uliofuata. Ambaye hangeingia katika nane hizo angejikuta miongoni mwa timu za ridhaa, na huenda asitoke huko. White Star ya Brussels, walioongoza msimamo, walinyimwa leseni na kuangushwa. Union ilipata nafasi yake kati ya nane.

Lakini daraja jipya lilikuja na masharti mapya ya viwanja, ambayo Uwanja wa Joseph Marien haukuweza kuyatimiza bila kukarabatiwa. Uso na jukwaa lake la kale vinalindwa kama urithi wa majengo, kwa hiyo haikuwa kazi ya kubomoa na kujenga upya. Ikabidi timu ihame, na mahali palipopatikana palikuwa Laeken.

Ni vigumu kupata uwanja uliotofautiana zaidi na ule walioucha. Ulifunguliwa mwaka 1930 kuadhimisha miaka 100 ya taifa la Ubelgiji, ukajulikana baadaye kwa jina la Heysel. Tarehe 29 Mei 1985, kabla ya fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Juventus na Liverpool, watu 39 walikufa hapo baada ya ukuta kuporomoka katika vurugu za jukwaani. Ulijengwa upya, ukafunguliwa mwaka 1995 na kupewa jina la Mfalme Baudouin, aliyefariki mwaka 1993. Wasomaji wa Kongo watakumbuka kwamba jina hilo lilikuwa limekwisha tumika: Léopoldville ilikuwa na Uwanja wa Mfalme Baudouin tangu mwaka 1952, na leo, katika mji uitwao Kinshasa, uwanja huo unaitwa Tata Raphaël. Wa Laeken ni uwanja wa taifa, wa sherehe na wa maombolezo. Haukukusudiwa kwa mechi ya daraja la pili jioni ya mvua.

Msimu wa 2016–17 klabu nane zilikutana mara nne kila moja, mechi 28 kwa jumla, katika raundi mbili zenye mabingwa wawili ambao mwishowe walipambana kugombea nafasi moja ya kupanda. Roeselare walishinda raundi ya kwanza, Antwerp ya pili, na Antwerp wakapanda. Union haikushinda yoyote. Msimu wa 2017–18 waliopanda walikuwa Cercle Brugge, na Union ikabaki ilipokuwa. Ubaya wa daraja lile ulionekana kwa wengine: Lierse, waliokuwa mabingwa wa nchi mwaka 1997, walifilisika majira ya kuchipua ya 2018.

Katika msimu huo wa pili uwanja ulijaa mara moja kwa ajili ya klabu, lakini klabu hiyo haikuwa Union. Machi 2018 ilichezwa hapo fainali ya Kombe la Ubelgiji kati ya Standard Liège na Genk, timu ambayo wakati huo ilikuwa na Mtanzania Mbwana Samatta. Standard walishinda 1–0 katika muda wa nyongeza. Kisha wageni wakaondoka na mpangaji akabaki na viti vyake vitupu.

Mashabiki wa Union walivuka mji mzima, kusini hadi kaskazini, kuifuata timu hadi hapo. Walikuwa ugenini ingawa kibao cha matokeo kiliwaandika kuwa wenyeji. Hali hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa wasomaji ambao nao wana anwani mahali fulani na nyumbani mahali pengine. Tofauti ni kwamba wao walijua wangerudi. Na kwa kuwa hakukuwa na kombe la kutazamia, walichokipeleka Laeken kila wiki mbili kilikuwa kile kingine, kile cha kutunza.

Kurudi

Mwaka 2018 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Timu ilirudi Forest, na klabu ikanunuliwa na Waingereza wawili, Tony Bloom, mmiliki wa Brighton aliyetajirika kwa uchambuzi wa takwimu za kubashiri matokeo ya michezo, na mshirika wake Alex Muzio. Walichokuja nacho, zaidi ya fedha, kilikuwa namna ya kutafuta wachezaji: kuwapima kwa hesabu vijana ambao masoko makubwa hayawaoni, kuwanunua kwa bei ndogo na kuwauza kwa bei kubwa.

Msimu wa 2018–19 mmoja wa wa kwanza kufika alikuwa Percy Tau wa Afrika Kusini, aliyenunuliwa na Brighton kutoka Mamelodi Sundowns lakini akakosa kibali cha kazi Uingereza. Alikopeshwa Forest akawa kipenzi cha mashabiki. Katika Kombe la Ubelgiji Union iliifunga Anderlecht 3–0 ugenini na kufika nusu fainali. Msimu wa 2019–20 ulikatizwa na janga la korona. Msimu wa 2020–21 kocha Felice Mazzù alipata mshambuliaji kutoka daraja la tatu la Ujerumani, Deniz Undav, na timu ikaongoza ligi kwa nafasi kubwa.

Tarehe 13 Machi 2021 Union iliishinda RWDM 2–1 na kupata hakika ya kupanda daraja la kwanza baada ya miaka 48. Waliowafunga siku hiyo walikuwa wabebaji wa jina la Daring. Mtunzi wa vichekesho wa 1938 asingelithubutu kupanga mwisho kama huo. Lakini majukwaa yalikuwa matupu kwa amri ya serikali, kwa sababu ya janga. Watu walioifuata timu hadi Laeken, na baba zao walioifuata hadi daraja la nne, hawakuruhusiwa kuingia uwanjani siku ambayo subira yao ililipwa.

Misimu iliyofuata inajulikana zaidi, na inaweza kupitiwa kwa haraka. Mwaka 2021–22 Union, mgeni wa ligi, ilimaliza mechi 34 ikiwa ya kwanza kwa pointi 77 dhidi ya 72 za Club Brugge. Kanuni ya Ubelgiji ya wakati huo ilizigawa pointi kwa mbili kabla ya hatua ya mwisho. Pengo likasinyaa, Brugge wakaifunga Union mara mbili na kutwaa ubingwa. Mwaka 2022–23, chini ya Karel Geraerts, ilifika robo fainali ya Ligi ya Europa, na siku ya mwisho ya ligi ilikuwa ikiongoza 1–0 dakika chache kabla ya filimbi, na ubingwa mkononi. Ilifungwa mabao matatu, ikamaliza ya tatu. Mwaka 2023–24, chini ya Alexander Blessin, iliongoza tena msimu wa kawaida na tena ikapitwa na Brugge.

Ndipo likaja Laeken kwa mara nyingine. Tarehe 9 Mei 2024 Union ilicheza fainali ya Kombe la Ubelgiji dhidi ya Antwerp katika Uwanja wa Mfalme Baudouin. Mjapani Koki Machida alifunga bao pekee. Lilikuwa kombe la kwanza kubwa kwa klabu tangu 1935, na Kombe la Ubelgiji la kwanza tangu 1914, miaka 110 kabla. Njia za wakimbiaji zilikuwa palepale. Antwerp, waliokuwa wapinzani wao katika daraja la pili kwenye msimu wa kwanza wa Laeken, walikuwa upande wa pili. Pembe moja ya jukwaa haikutosha tena.

Mwaka mmoja baadaye, chini ya kocha Sébastien Pocognoli, Union ilimaliza msimu wa kawaida ikiwa ya tatu, nyuma sana ya Genk. Kanuni ya kugawa pointi, iliyowadhulumu mwaka 2022, safari hii iliwafaa. Tarehe 25 Mei 2025 waliifunga Gent 3–1 huko Forest na kuwa mabingwa kwa mara ya 12, miaka 90 baada ya mara ya 11. Katika kikosi hicho alikuwamo Noah Sadiki, kijana aliyezaliwa Brussels na kuichezea timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kati yake na Kialunda kuna miaka 60 na jezi moja.

Nani aliyeitunza?

Ni rahisi kusema kwamba fedha na hesabu ndizo zilizoirudisha Union, na kauli hiyo si ya uongo. Bila wanunuzi wa 2018 huenda klabu ingekuwa bado katika daraja la pili. Kilichowaleta si siri: waliona klabu ya bei nafuu katika mji mkubwa, yenye jina, kiwanja na watu. Lakini vitu hivyo vitatu havikuwa vyao. Jina lilikuwapo kwa sababu mwaka 1973 halikuunganishwa na jingine. Kiwanja kilikuwapo kwa sababu kiliendelea kutumiwa hata pale timu ilipokuwa ndogo kuliko jukwaa lake. Watu walikuwapo kwa sababu walikubali kuifuata hata ugenini Laeken. Mfanyabiashara alinunua mwaka 2018 kitu ambacho wengine walikuwa wamekilipia kwa miaka 45.

Deni hilo halijaandikwa popote, na ndiyo sababu linaweza kusahaulika. Uwanja wa Joseph Marien, unaochukua watu wasiofika 10,000, haukubaliki kwa mashindano ya Ulaya. Mwaka 2022 Union ilicheza mechi zake za Ulaya Leuven. Baadaye ilihamia katika uwanja wa Anderlecht, ambako Desemba 2023 iliifunga Liverpool 2–1. Klabu inataka kujenga uwanja mpya katika eneo la Bempt, ndani ya Forest. Wapo wanaouona kuwa wokovu, na wapo wanaohofia kwamba timu itakayohama safari hii haitarudi tena chini ya miti ya Duden. Kufaulu nako huhamisha, kama kufeli kulivyohamisha mwaka 2016.

Kwa sasa mechi za ligi zinachezwa bado mbele ya uso ule wa 1926. Waliokuwa Laeken katika msimu wa 2017–18 wanakaa majukwaani pamoja na waliokuja baada ya ubingwa, na hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa kuwatazama. Wote wanaimba nyimbo zilezile. Methali nayo inabaki na maumbo yake mawili, na Union ni sababu nzuri ya kutolifuta hata moja.